Tembo Anapovuka Mpaka: Usiku wa Shambani na Asubuhi Inayofuata

Mahindi yanapotoa mbelewele na mtama kuanza kukaza punje, kaya zilizo upande wa mashariki wa Wilaya ya Bariadi, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hubadili utaratibu wa usingizi. Baba na vijana wakubwa huhamia kwenye madungu shambani. Mama hulala na watoto nyumbani, sikio likiwa nje. Tochi huchajiwa mchana, madebe matupu huwekwa karibu na kitanda, na kila mbwa anapobweka mtu hujiuliza kama ni mpita njia, fisi, au mnyama ambaye hatua yake haisikiki hadi mabua yaanze kuvunjika.

Hali hiyo haiwahusu wakazi wa Bariadi peke yao. Itilima na Meatu zinapakana na Pori la Akiba Maswa, na Busega iko jirani na ukanda wa magharibi wa Serengeti, ule unaonyooka kuelekea Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unaishi ubavuni mwa moja ya nyika zenye wanyama wengi kuliko karibu zote duniani. Wageni husafiri maelfu ya kilomita kuiona. Mkulima wa mpakani huiona bila kiingilio, usiku, ndani ya shamba lake.

Makala hii inaeleza kwa nini tembo huja, nini hufaa na nini huua pale wanapokuja, na taratibu za kifuta jasho na kifuta machozi, ambazo wananchi wengi huzifahamu kwa jina tu hadi siku ya msiba.

Swali la kwanza ambalo wakazi huuliza katika mikutano ya vijiji ni la haki kabisa: inakuwaje redio inatangaza kwamba tembo wanakwisha, ilhali kijijini wanaongezeka? Yote mawili ni kweli. Kati ya mwaka 2009 na 2014 idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000 kwa sababu ya ujangili wa meno. Hasara hiyo kubwa ilitokea hasa kusini na katikati ya nchi, katika mifumo ya Selous na Ruaha. Serengeti ilikwenda njia nyingine. Huko ujangili ulikuwa umefanya kazi yake mapema, katika miaka ya 1970 na 1980, kiasi kwamba hesabu ya mwaka 1986 ilikuta tembo wapatao 2,000 tu katika Serengeti na Mara ya Kenya kwa pamoja. Baadaye zikaja Operesheni Uhai na marufuku ya kimataifa ya biashara ya meno ya tembo, zote mwaka 1989, na hesabu ya mwaka 2014 ikakuta tembo zaidi ya 7,000 katika eneo hilohilo.

Wakati tembo walipokuwa wachache, watu waliongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi takriban 1,584,000 katika Mkoa wa Simiyu; ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 2,140,000. Watu hao wanakula, wanajenga, wanafuga na wanalima pamba, zao ambalo mkoa huu huongoza kitaifa. Mashamba mengi ya mpakani yalifunguliwa na wazazi ambao katika ujana wao hawakuwahi kufukuza tembo hata mmoja, kwa kuwa tembo hawakuwapo. Leo wajukuu wanalima palepale, na mnyama amerudi. Mzee anayesema kwamba zamani hapakuwa na tembo hapo hasemi uongo. Lakini zamani anayoikumbuka ndiyo ilikuwa kipindi kisicho cha kawaida. Kabla yake, wanyama walivuka kwenda na kurudi kati ya nyika na ziwa bila kuulizwa, na mpaka wa hifadhi, uliotangazwa mwaka 1951, ulichorwa kwenye ramani na kuwekewa vigingi ambavyo tembo hana namna ya kuvisoma.

Kinachomvuta ni chakula. Tembo mzima hula kiasi cha kilo 150 kwa siku na kunywa maji kati ya lita 100 na 200. Porini hupata majani, magome na nyasi, na hutembea kutwa kukusanya kiasi hicho. Shamba la mahindi lililo tayari kuvunwa humpa mlo uliosongamana mahali pamoja, mtamu na usio na miiba. Pua yake huupata upepo wa shamba hilo kutoka mbali. Wavamizi wa mara kwa mara ni madume, ambao hukubali hatari kwa ajili ya lishe. Majike wenye watoto huwa waangalifu zaidi, ingawa wakija huwa wakali sana. Watafiti waliowafunga tembo vifaa vya kufuatilia mienendo nchini Kenya waligundua kwamba wanapopita katika maeneo ya watu huenda kwa kasi kubwa kuliko wakiwa hifadhini. Tembo anajua kabisa kwamba hapo si kwake. Ndiyo maana huingia giza likishakomaa na kurudi kabla ya alfajiri. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayekutana naye njiani saa kumi na moja asubuhi huwa amekutana na mnyama mwenye haraka na mwenye hofu.

Jambo hili linastahili kukaziwa, kwa kuwa watu wengi hupoteza maisha nje ya shamba. Hupotezwa na safari ya kwenda kisimani kabla ya jua, kutafuta kuni kwenye vichaka vya mtoni, kurudi kutoka kilabuni, au kwenda shule gizani. Tembo haoni vizuri kwa mbali, lakini hunusa na kusikia kwa ustadi mkubwa. Anayemkaribia kutoka upande ambao upepo unatokea humtangulizia harufu yake, na huenda akakuta kundi limekwisha kuondoka. Anayemkaribia kutoka upande wa pili humshtukia akiwa hatua chache mbele. Kukimbia kwa mstari ulionyooka hakufai, kwa sababu hakuna binadamu anayemshinda tembo mbio. Mbwa naye huleta hatari isiyotarajiwa: humbwekea tembo, hufukuzwa, kisha hukimbilia miguuni kwa bwana wake akiwa na tembo nyuma. Katika msimu wa uvamizi ni heri mbwa wafungwe usiku.

Shambani, kosa linaloua ni kusogea. Kundi la vijana wenye madebe, mayowe na mienge huanza umbali wa mita mia, tembo hurudi nyuma kidogo, vijana hupata moyo, husogea hadi mita thelathini, halafu giza na ulevi wa ushindi humaliza kazi. Kurusha mawe au mishale, au kufyatua gobole, ni kibaya zaidi. Gobole halimwangushi tembo. Humjeruhi, na tembo mwenye kidonda hubaki karibu na vijiji kwa majuma kadhaa akimshambulia yeyote anayemkuta, mara nyingi mtu ambaye hakuwepo usiku ule.

Zipo njia zilizojaribiwa na kuonekana kufaa, na faida yake ni kwamba nyingi ni za gharama ndogo. Matumizi ya pilipili yalianza kuchunguzwa kwa utaratibu nchini Zimbabwe katika miaka ya 1990, na sasa yanajulikana katika wilaya nyingi za Tanzania zinazopakana na hifadhi. Pilipili kali iliyokaushwa na kusagwa huchanganywa na oili chafu ya injini, kisha kamba za katani na vipande vya nguo hulowekwa humo na kutandazwa kwenye nguzo kuzunguka shamba. Oili huizuia mvua kuosha pilipili. Kamba hizo zinahitaji kulowekwa upya kila baada ya majuma machache na kila baada ya mvua kubwa, na hapa ndipo wengi hushindwa: uzio hutengenezwa kwa bidii mwezi wa kwanza, husahauliwa mwezi wa pili, na tembo hupita mwezi wa tatu, halafu pilipili hulaumiwa. Njia nyingine ni matofali ya kinyesi cha ng'ombe au cha tembo chenyewe kilichochanganywa na pilipili. Hukaushwa juani na kuchomwa jioni pembeni mwa shamba, upande ambao upepo unatokea, ili moshi ulizungukie shamba. Moshi huo humsumbua mlinzi pia. Apangwe mahali pa kukaa kabla moto haujawashwa.

Uzio wa mizinga ya nyuki umefanyiwa kazi kwa miaka mingi huko Sagalla, jirani na hifadhi ya Tsavo nchini Kenya. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya, na tembo akisukuma waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ngozi ya tembo ni nene, ila macho, ncha ya mkonga na nyuma ya masikio havina kinga. Njia hii ina faida ya asali. Ina udhaifu pia, nao ni kwamba mzinga mtupu haumtishi mtu, na nyuki huhama ukame unapokuwa mkali na maua kukosekana. Vijiji vya Usukuma vyenye ngitili, yale malisho ya kaya au ya kijiji yanayofungwa hadi wakati wa shida, vina nafasi nzuri zaidi ya kuwabakiza nyuki, kwa sababu miti na maua yake hubaki.

Kuhusu kufukuza kwenyewe, vikundi vya ulinzi katika jumuiya za hifadhi za kaskazini mwa Tanzania vimejenga utaratibu unaostahili kuigwa. Havianzi na kishindo. Hatua ya kwanza ni tochi yenye mwanga mkali unaomlenga tembo usoni kutoka mbali. Asipoondoka, hufuata honi. Asipoondoka, hurushwa fataki iliyofungwa ndani ya unga wa pilipili na mchanga, ambayo hupasuka na kutawanya vumbi linalowasha. Mwisho kabisa hutumika fataki ya mwanga inayoruka angani. Mpangilio huu una sababu yake: tembo hujifunza kwamba mwanga hutangulia kitu kibaya zaidi, na baada ya misimu kadhaa mwanga peke yake hutosha. Kijiji kinachoanza na kishindo kikubwa kila siku hukosa cha kuongeza pale tembo anapozoea. Na tembo huzoea. Ana kumbukumbu ndefu, na mbinu moja inayotumiwa kila usiku bila kubadilishwa huwa kwake kama kelele za jirani.

Hata hivyo hakuna kifaa kinachozidi thamani ya taarifa ya mapema. Madungu ya kijiji kizima yakipangwa kwenye mstari mmoja upande wa hifadhi, na kila dungu likiwa na mtu mwenye simu na namba za askari wanyamapori wa kijiji, tembo huonekana akiwa bado nje. Kumrudisha mnyama ambaye hajaonja ni rahisi. Aliyekwisha kuonja hubishana. Wazee wanaokumbuka jinsi sungusungu walivyozuia wizi wa ng'ombe Usukumani katika miaka ya 1980, kwa yowe lililopokewa kutoka kitongoji hadi kitongoji, wanao ujuzi huo tayari. Tofauti ni moja: mwizi alikimbizwa kwa kuzungukwa, lakini tembo lazima aachiwe njia ya kurudi. Watu wakimzunguka pande zote, atachagua upande mmoja na kupita juu yake.

Uchaguzi wa mazao una nafasi yake pia. Pilipili na ufuta havimvutii tembo kama mahindi, mtama au viazi vitamu, na kuyapanda mazao hayo upande wa hifadhi, huku mahindi yakiwa karibu na makazi, hupunguza hasara. Pamba si ngao. Hata pale asipoila, tembo anayeelekea kwenye mahindi huikanyaga, na pamba iliyokanyagwa ikiwa na maua haisimami tena. Tena mahindi yaliyokwisha kuvunwa na kurundikwa ndani ya nyumba ya udongo bado hunukia. Tembo amewahi kutoboa ukuta kufuata gunia mahali pengi barani Afrika. Kihenge kikae mbali na chumba cha kulala, hasa chumba cha watoto.

Suala hili la kivutio linaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa mbali. Nchi za kaskazini mwa dunia hazina tembo, lakini zina dubu, mnyama ambaye Afrika haina tena tangu yule wa milima ya Atlas alipotoweka katika karne ya 19. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, dubu walizoea kwa miongo mingi kula kwenye majalala ya wazi, hata watalii wakawa wanakwenda kuwatazama wakila takataka. Majalala hayo yalifungwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, kwa kuwa dubu waliozoea waliingia kambini kutafuta walichonyimwa, na wengi wakauawa. Kisha mapipa ya chuma yenye vifuniko vya kufunga yakawekwa kila mahali, sheria ya kutoacha chakula nje ikasimamiwa, na matukio yakapungua. Dubu hawakubadilishwa tabia kwa kupigwa. Kilichoondolewa ni sababu ya wao kuja.

Kwa Simiyu somo hilo linamgusa zaidi fisi. Fisi hafuati mahindi. Hufuata mizoga ya mifugo iliyotupwa pembeni mwa kijiji, makondo ya ng'ombe aliyezaa, mabaki ya machinjio, na mbuzi aliyelala katika boma lenye pengo. Akishazoea kuja, mtoto aliyelala nje kwa sababu ya joto, au aliyetumwa dukani jioni, huwa katika hatari ileile ya mbuzi. Mzoga uzikwe au uchomwe moto. Boma la miiba lizibwe kabla ya magharibi, mlango ukiwa mzito wa kutosha kutosukumwa na pua. Watoto wasilale uwanjani, na wasitumwe peke yao gizani hata kwa umbali mfupi.

Katika baadhi ya vijiji kila fisi anayeua huhesabiwa kuwa na mwenyewe, na badala ya boma kuzibwa hutafutwa mtu wa kulaumiwa, ambaye kwa bahati mbaya huwa ni bibi kizee anayeishi peke yake. Usukuma umekwisha kuzika vikongwe wengi kwa tuhuma za namna hiyo. Fisi aliyeingia kwa pengo la boma jana ataingia kwa pengo hilohilo kesho, awe nani aliyetuhumiwa. Tukio la fisi liripotiwe kwa njia ileile ya tukio la tembo, na siku hiyohiyo.

Njia hiyo ndiyo hii. Mwathirika au jirani yake humjulisha mwenyekiti wa kitongoji, ambaye humjulisha afisa mtendaji wa kijiji. Mtendaji huiandika taarifa na kuifikisha kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Mnyama akiwa bado kijijini, askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au wa Hifadhi za Taifa (TANAPA), kutegemea eneo, huitwa kumrudisha. Kwa majeruhi, matibabu hutangulia yote. Fomu ya polisi namba tatu na maelezo ya daktari hutunzwa kwa kuwa yatahitajika baadaye. Kwa mazao, afisa ugani na afisa wanyamapori hufika shambani kupima eneo lililoharibiwa na kuthibitisha kuwa ni kazi ya mnyamapori. Alama za miguu, kinyesi na mabua yaliyovunjwa ndiyo ushahidi wake. Mwenye shamba anayelilima upya au kuingiza ng'ombe kula mabaki kabla ya wakaguzi kufika hufuta ushahidi wake kwa mikono yake. Picha za simu zilizopigwa asubuhi ileile, zikionyesha nyayo na ukubwa wa eneo, husaidia sana ukaguzi unapochelewa. Husaidia pia kama ukubwa wa shamba ulikwisha kuandikwa katika ofisi ya kijiji wakati wa kupanda, pale ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuongeza ekari.

Hapa ndipo majina yanapostahili kusomwa kwa makini. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hazizungumzii fidia. Fidia hurudisha thamani ya kilichopotea. Kanuni zinazungumzia kifuta machozi, kwa kifo au jeraha, na kifuta jasho, kwa mazao na mifugo. Ni mkono wa pole wa Serikali. Viwango vilivyowekwa mwaka 2011 vilikuwa shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu, na 200,000 kwa jeraha lisiloacha ulemavu. Kwa mazao vilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, ekari zisizozidi tano. Viwango vikibadilishwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na ofisi ya wanyamapori ya wilaya ndiyo mahali pa kuuliza kiwango cha wakati huo.

Wakulima wengi hushangazwa na jinsi malipo ya mazao yanavyopangwa, maana huonekana kama yamegeuzwa kichwa chini. Shamba lililo mbali na mpaka hulipwa zaidi, la karibu hulipwa kidogo, na lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halilipwi kitu. Sheria hairuhusu makazi au shughuli zenye kuathiri wanyamapori ndani ya mita hizo 500 bila kibali cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kwa mtazamo wa sheria, aliyelima hapo aliijua hatari. Kwa mtazamo wa aliyerithi shamba hilo kwa babu yake, au aliyeuziwa na mtu asiyemwambia mpaka uko wapi, kanuni hiyo ni kali. Ukali huo haufutiki kwa makala. Ila anayenunua au kukodi shamba upande wa mashariki anaweza kujiepusha nao kwa kuuliza serikali ya kijiji umbali wa shamba hilo kutoka kwenye kigingi, kabla ya kutoa fedha.

Aliyedhurika akiwa ndani ya hifadhi bila kibali, iwe kwa kuchunga, kuwinda au kukata miti, hastahili kifuta machozi, na familia yake pia haistahili. Hili huumiza zaidi wakati wa kiangazi, malambo yanapokauka na vijana kushawishika kuingiza ng'ombe porini usiku.

Hesabu rahisi huonyesha udogo wa mkono huo wa pole. Mkulima mwenye ekari nane zilizokwisha zote, shamba likiwa katika umbali unaolipwa juu kabisa, angepata kwa viwango vya mwaka 2011 shilingi 500,000, yaani ekari tano mara 100,000. Ekari tatu zilizobaki hazihesabiwi. Madai hupita kijijini, wilayani na hatimaye Wizara ya Maliasili na Utalii kabla ya malipo, na safari hiyo ni ndefu kuliko muda ambao kihenge kitupu kinaweza kusubiri. Kaya inayotegemea kifuta jasho kama mpango wake wa chakula itakuwa imekula mbegu kabla fedha hazijafika. Kudai ni haki, na madai yaliyoandikwa vizuri ndiyo yanayoonyesha ngazi za juu kwamba kijiji fulani kinavamiwa kuliko kingine na kinahitaji kituo cha askari au vifaa. Uvamizi usioandikwa, kwa mtazamo wa ofisi, haukutokea.

Jambo la mwisho linahusu mnyama aliyekufa. Sheria haimzuii mtu kuokoa maisha yake, na aliyemuua mnyama akijitetea anatakiwa kutoa taarifa mara moja. Lakini mzoga, meno, ngozi na hata nyama ni nyara za Serikali. Mkazi anayekwenda na kisu kukata kipande kwa ajili ya mboga, hata kama tembo huyo alimaliza shamba lake usiku uliopita, hujiingiza katika kosa zito kuliko hasara aliyopata. Watu wakae mbali na mzoga, mtendaji ajulishwe, na anayekuta jino limelala porini asiliguse.

Kwa vijiji ambavyo havijapanga walinzi, wakati wa kufanya hivyo ni mkutano wa kijiji unaotangulia palizi ya pili, mahindi yakiwa bado yamefika magotini. Mkutano huo ndio unaoweza kuamua nani atalala dungu lipi, nani atatunza tochi na honi, pilipili itapandwa shamba la nani, na namba za simu za mtendaji, askari wanyamapori wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji ziandikwe kwa chaki mlango wa nyumba gani ili hata mtoto azisome usiku kwa mwanga wa tochi.